Mlinzi wa Ruta

Katika nyumba yangu mimi ndiye mkuu wa usalama wa mtandao. Cheo hicho sikukiomba wala hakuna aliyenipigia kura. Fundi wa intaneti alipomaliza kupigilia waya wa faiba ukutani, aliangaza macho sebuleni akauliza, "Mwenye nyumba ni nani?" Nikajitokeza. Akanikabidhi kikaratasi chenye jina la mtandao na paswedi, akamaliza maji yake, akaaga. Tangu hapo chochote chenye kioo kikigoma humu ndani, linaitwa jina langu. Runinga ikizungusha kile kiduara bila kuleta picha, mimi. Simu ya mama mkwe ikijaa, mimi. Mtoto akifungiwa akaunti ya mchezo, mimi. Tamthilia ikicheza mwanzo hadi mwisho bila kukwama, hapo inasifiwa kampuni.

Kwa sababu ya cheo hiki nimesoma sana ushauri wa wataalamu. Badilisha paswedi iliyokuja na ruta. Usimpe mtu usiyemwamini. Wageni watengee mtandao wao. Weka apdeti kila zinapotoka. Ushauri mzuri kabisa, na ukiusoma unamwona aliyeuandika: anaishi na mkewe na paka, na mgeni wake hupiga simu wiki moja kabla, akafika saa aliyosema na kuondoka saa aliyosema. Mtu huyo namheshimu. Ningefurahi tu aje akae kwangu Tabata mwezi wa Juni, shule zimefungwa, watoto wa shemeji wamekuja "kupumzika mjini", halafu anionyeshe ni ukurasa gani wa kitabu chake unaohusika.

Zamani mgeni alikuwa na taratibu. Anabisha hodi, anakaribishwa, anauliza hali, anaulizwa hali, wagonjwa wanatajwa mmoja mmoja, mvua za huko atokako zinajadiliwa, ndipo yanakuja maji ya kunywa. Siku hizi hata kiti hajakipata.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu, karibu, habari za safari?"

"Nzuri. Waifai yenu ndiyo hii yenye namba nyingi?"

Na kumnyima huwezi. Kumnyima mgeni paswedi ni kosa zito kuliko kumnyima chai. Chai unaweza kusingizia gesi imeisha, na mgeni mwenye adabu atakubali hata kama anasikia jiko linavuma. Waifai utasingizia nini, na ruta iko ukutani inawaka taa zote? Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga, ambao wenyewe hawakuwahi kupata ujumbe wa mwisho wa mwezi kwamba wasipolipa huduma itasitishwa.

Basi unatoa. Ukishampa mmoja, umewapa wote. Simu za kisasa zina ujanja wa kutoa kimchoro cha mraba chenye vidoa vidoa. Mwenzio anakiskani, tayari yumo, hakuna aliyetamka neno. Mke wangu yupo kwenye mtandao huu tangu unafungwa na paswedi hajawahi kuiona kwa macho yake, kwa sababu kila ninapoibadilisha mwanetu humwunganisha kwa kuskani. Na alivyounganishwa yeye ndivyo anavyounganishwa muuza mkaa.

Nilianza kushuka moyo siku nilipogundua kijiwe kimehama. Vijana wa bodaboda wa mtaani kwetu walikuwa na mwembe wao pale kwenye kona, wenye kivuli cha kutosha na benchi la mbao walilolitengeneza wenyewe. Ghafla nikawakuta wamepanga pikipiki kwenye ukuta wangu, upande wa chumbani, juani, saa saba mchana. Mwanzoni nilidhani ni ulinzi shirikishi. Nikawasalimia kwa furaha na kuwashukuru. Nao wakashukuru. Shukrani yao ilikuwa nzito kidogo, ya watu wanaojua wanachoshukuria.

Kisheria niko vizuri. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza mtu kuingia kwenye mfumo wa mwenzake bila idhini. Lakini kwa utaratibu wa mtaani kwetu shauri lolote huanzia kwa mjumbe, na mtuhumiwa namba moja, yule mwenye helmeti nyekundu, ni mtoto wa mjumbe.

Nikabadilisha paswedi. Kesho yake wamo. Nikabadilisha tena. Wamo. Ndipo nikakaa chini kusoma vizuri, nikakutana na kitufe kinachoitwa WPS. Huenda na wewe unacho nyuma ya ruta yako. Kiliwekwa ili watu wasiopenda kuandika paswedi ndefu waunganishe vifaa vyao kirahisi, na pamoja nacho huja namba ya siri ya tarakimu nane. Tarakimu nane ni michanganyiko milioni 100, mwizi angezeeka akijaribu. Ila mwaka 2011 mtaalamu mmoja, Stefan Viehböck, aligundua kwamba ruta haisubiri umalize zote nane. Ukishaandika nne za mwanzo inakuambia umepatia au umekosea. Na tarakimu ya mwisho haina siri yoyote, inakokotolewa kutokana na zile saba. Kwa hiyo kazi ya milioni 100 inashuka hadi majaribio 11,000, ambayo kompyuta huyamaliza kwa saa kadhaa huku mwenye kompyuta anasubiri abiria. Ruta mpya nyingi hujifunga mtu akikosea mara nyingi mfululizo. Niliyoletewa mimi ilikuwa na subira ya Ayubu.

Nikaizima WPS, nikabadilisha na paswedi. Saa ile ile nikasikia kutoka ndani, "Baba! Printa imefanyaje?" Na kutoka nje ya ukuta, pikipiki zikiwashwa kwa huzuni. Sijui kwa nini watu wa nje walinielewa haraka kuliko wa ndani.

Lakini wale vijana, Mungu awabariki, angalau nawafahamu. Wananiamkia. Mkaa ukifika wananibebea gunia. Wezi wanaonikosesha usingizi ni wasio na sura, na hao nimewafahamu kwa sababu ya kamera.

Nilinunua kamera ya ulinzi Kariakoo. Muuzaji alinisifia: "Mzee wangu, hii hata ukiwa Mwanza unaiona nyumba yako." Hakusema kwamba na mtu wa Mwanza anaweza kuiona nyumba yangu. Kwenye boksi palikuwa na karatasi yenye maandishi madogo ya Kichina, na chini yake kwa herufi za Kizungu: jina, admin; paswedi, admin. Mke wangu akasema, "Hiyo nzuri, rahisi kukumbuka." Ni rahisi kweli. Hata kirusi kinaikumbuka.

Mwaka 2016 kilisambaa kirusi kinachoitwa Mirai, na ukisimuliwa kazi yake utashangaa jinsi kilivyokuwa hakina akili. Kilizunguka intaneti kikigonga kwenye kila kamera na kila ruta iliyojitokeza, kikiwa na orodha ya majina na paswedi za kiwandani, jozi kama 60 hivi: admin na admin, root na 123456, na nyingine za ukoo huo. Hakikuvunja kitu. Kilijaribu funguo ambazo kiwanda kiliziandika kwenye boksi. Kikishaingia kinakaa kimya kusubiri amri, huku kamera inaendelea kuonyesha geti na mwenye geti analala akijua analindwa. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa vya namna hiyo vilielekezwa vyote kwa pamoja kwenye kampuni ya Dyn ya Marekani, ambayo kazi yake ilikuwa kuzionyesha kompyuta njia ya kufikia tovuti. Kwa saa kadhaa Twitter, Netflix na wengine wengi wakawa hawapatikani. Waliokitunga walikuwa vijana watatu wa Kimarekani, walikiri mahakamani mwaka 2017, na mambo yao yalianzia kwenye biashara ya seva za Minecraft. Minecraft ni ule mchezo anaoucheza mwanangu akisema anajisomea hesabu.

Wakati huo walikuwa wamekwishaianika hadharani siri ya kirusi chao, na kila mwenye nia mbaya akajichotea. Mwingereza mmoja alikitumia kuishambulia kampuni ya simu ya Liberia, akiwa amekodiwa na mtu wa kampuni shindani ya huko huko. Mwaka 2019 mahakama ya London ikamfunga miezi 32.

Hapo ndipo paliponiuma. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa mwizi mwenye heshima zake, anayetaka picha zangu, barua zangu, hicho kisalio changu kidogo. Nilikuwa hata nimeficha baadhi ya vitu. Kumbe wanaonizunguka usiku kucha hawanijui jina na hawana haja ya kunijua. Wanachotaka ni kamera yangu ya Kariakoo iende ikapigane kwenye ugomvi wa kampuni za simu za Liberia, kwa umeme ninaoulipia mimi kwa LUKU. Nisipoibiwa, nakodishwa.

Nilipata faraja ya muda mfupi niliposoma kwamba Mirai hukaa kwenye kumbukumbu ya muda tu ya kifaa, kwa hiyo umeme ukikatika kinafutika. Nikafanya hesabu ya umeme wetu unavyokatika. Ina maana kwa miaka yote hiyo tuliyolalamika gizani, kamera za mkoa mzima zilikuwa zinatakaswa! Nilikuwa nimeshainuka kwenda kumpa mama watoto habari hizo njema, jicho likaangukia sentensi iliyofuata: kama paswedi ni ile ile ya kiwandani, umeme ukirudi, kirusi nacho kinaweza kurudi ndani ya dakika chache. Nikakaa.

Hata hivyo kuzima na kuwasha kusidharauliwe. Mwaka 2018 iligundulika programu nyingine mbaya, VPNFilter, iliyokuwa imekwishaingia kwenye ruta zisizopungua 500,000 katika nchi 54. Wapelelezi wa FBI wa Marekani, watu wenye bajeti na miwani myeusi, wakatoa tangazo kwa wenye ruta ndogo za nyumbani na ofisini. Tangazo lilisema: zima ruta yako, kisha iwashe tena. Basi! Ndivyo anavyoniambia dada wa huduma kwa wateja kila ninapopiga, baada ya kunisikilizisha muziki mpaka sikio linapata moto. Miaka yote nilidhani ananifukuza kwa adabu. Kumbe nilikuwa napewa huduma ya kiwango cha FBI.

Wakati mwingine nawaza kwamba hata virusi vimeishiwa malezi. Mwaka 1986 kule Lahore, Pakistan, ndugu wawili wa familia ya Alvi, Basit na Amjad, walitengeneza kirusi kinachotajwa kuwa cha kwanza kwa kompyuta zile za IBM na jamaa zake. Kiliitwa Brain. Walikuwa wanauza programu ya mambo ya tiba na hawakutaka inakiliwe kwa wizi. Ndani ya kirusi waliandika majina yao, anwani ya duka lao na namba za simu, ili atakayeambukizwa awapigie wamsaidie. Huo ndio ustaarabu! Mwaka 2011 Mikko Hyppönen, mtaalamu wa virusi kutoka Finland, alisafiri mpaka Lahore kwa anwani ile ile, akagonga mlango, akawakuta. Miaka 25 baadaye bado wapo, wanafanya biashara ya intaneti. Wa siku hizi ukimwuliza namba ya simu anakupa ya kumtumia hela.

Nikirudi ndani kwangu, kuna kompyuta moja ya familia, iko kwenye kona ya sebule chini ya kitambaa cha kufumwa. Kitambaa kinazuia vumbi. Virusi vinaletwa na binti yangu kwenye flashi. Kila mwalimu akitoa kazi ya kuprinti, flashi inakwenda steshenari ya barabarani, ambako kuna kompyuta moja iliyochomekewa flashi za shule tatu, vyuo viwili na kwaya ya kanisa. Inarudi ikiwa imejaa vimshale: kila folda imegeuka kimkato cha kilobaiti moja, ukikibonyeza kirusi kinaamka. Watu wengi hapo hulia na kuifomati flashi, na kazi zao zinapotea kabisa. Nasema kwa wote wanaoandika tasnifu mwaka huu: mafaili yako hayajafutwa, yamefichwa tu, usifomati, mtafute mtu anayejua kuyafichua. Nilipokwenda steshenari kulalamika, yule kijana hakuinua hata uso. "Mzee, flashi yenu ndiyo iliyotuletea." Na kwa vile ushahidi wote uko kwenye flashi ambayo imepita mikono ya mji mzima, kesi iliishia hapo.

Shemeji yangu naye ana laptopu, na laptopu ina fundi wake. Fundi huyo huweka Windows na vikorokoro vyake vyote kwa bei ya sahani ya chipsi mayai, na hatua yake ya kwanza siku zote ni kuzima antivirusi. Nilimwuliza kwa nini. Akaniambia kile kiprogramu cha kuifungua Windows bila kulipia hakikubali kufanya kazi antivirusi ikiwa macho. Huyo ni mgeni anayekupigia simu akiwa njiani kukuomba ufunge mbwa, na ukimwuliza anakuja kufanya nini anasema utaona. Shemeji haelewi kero yangu. Anasema laptopu "inapiga kazi". Inapiga, nakubali. Mpaka saa nane usiku feni yake inavuma na mwenyewe amelala, na hakuna anayejua inampigia kazi nani. Ajabu ni kwamba Windows za sasa huja na antivirusi yake humo humo, ya bure, haidai hata shukrani.

Kuhusu apdeti, hapo nitawatetea Watanzania wenzangu. Wataalamu hutushangaa kwa nini tunabonyeza "nikumbushe baadaye". Waje tuwaeleze habari ya bando. Kuna wakati mtu alinunua bando la wiki Jumatatu asubuhi, kompyuta ikajipakulia apdeti bila hodi, na Jumatatu mchana mtu huyo akawa anaazima hotspoti kwa jirani. Jeraha la namna hiyo halisahauliki. Lakini kwenye faiba isiyo na kikomo kisingizio kimekufa, na ushahidi ni WannaCry. Microsoft walitoa kiraka chake Machi 2017. Mei 12 mwaka huo huo kirusi kikaingia kupitia tundu lile lile, kikafungia mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150 na kudai dola 300 za bitikoini kwa kila kompyuta, na hospitali za Uingereza zikaanza kurudisha wagonjwa nyumbani. Karibu miezi miwili kiraka kilikuwepo. Nimewasimulia wanangu kisa hiki mezani, kwa sauti ya msiba. Mkubwa akasema, "Dah." Halafu nikasikia akibonyeza "nikumbushe baadaye".

Tuje kwenye paswedi yenyewe. Kwa miaka mingi tumeteswa: iwe na herufi kubwa, herufi ndogo, namba, alama, na ubadilishe kila baada ya muda. Ukiuliza amri hii imetoka wapi, unafika kwa bwana mmoja wa Marekani, Bill Burr, aliyeandika mwongozo wa taasisi ya viwango ya huko, NIST, mwaka 2003. Mwaka 2017, akiwa amestaafu, aliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba mengi aliyoandika sasa anayajutia. Anajuta! Mimi nina daftari zima la alama za mshangao, na kuna akaunti nilizoziaga moja kwa moja kwa sababu sikumbuki kama S ilikuwa S au alama ya dola, yeye anajuta. Mwaka ule ule NIST walibadili msimamo: bora paswedi ndefu kuliko yenye vikorombwezo, na usimlazimishe mtu kuibadilisha bila sababu, kwa maana ukimlazimisha ataongeza tu 1 mwishoni, kisha 2.

Niliupokea mwongozo mpya kwa moyo mkunjufu. Ndefu, inayokumbukika, yenye maneno ya kawaida. Wakati huo nilikuwa nimetoka kupokea kadi ya mchango wa harusi ya mtoto wa mtu ninayemfahamu kwa kupungiana mikono kwenye daladala, na juu ya kadi pameandikwa kiwango cha chini. Kwa hiyo maneno hayakunipa shida. Nilitunga sentensi nzima, ndefu, iliyotoka rohoni, kuhusu michango ya harusi, kamati zake, na mahali ambapo kamati hizo zinaweza kwenda. Sitaiandika hapa neno kwa neno, maana safu hii inasomwa Tabata. Ila kwa urefu na hasira ni paswedi ya hali ya juu, na sijaisahau hata siku moja.

Ulinzi huo wote, hata hivyo, unasimama mlangoni tu. Nyumba hii haivunjwi, inafunguliwa kwa ndani. Mama mkwe wangu, ambaye ana hekima ya kutosha kusuluhisha ndoa za kata nzima, akipata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" anaanza kukumbuka ni hela ipi. Si kwamba hajui utapeli. Anajua. Tatizo ni kwamba katika maisha yake kweli kuna hela ambayo mtu anamsubiri atume: ya kikoba, ya ada ya mjukuu, ya msiba wa Same. Mwizi anabahatisha tu, na kwa familia zetu kila anayebahatisha anapata. Nimemfundisha kuituma namba ya tapeli kwenda 15040 ili ishughulikiwe. Amefundishika vizuri kupita kiasi. Wiki iliyopita aliripoti namba ya mjomba wangu.

Mjomba ndiye aliyeua mpango wangu wa mwisho, ule wa mtandao wa wageni. Kwenye karatasi ni mpango usio na dosari. Ruta inatoa mitandao miwili: mmoja wa familia, wenye kompyuta na printa na mambo yetu, mwingine wa wapita njia, wanaopata intaneti lakini hawaoni chochote cha ndani. Ule wa pili nikaupa jina wazi kabisa: Wageni. Kamera ya Kariakoo nayo nikaihamishia huko, baada ya kuibadilishia paswedi. Mpaka leo ndiyo peke yake isiyolalamika.

Mjomba alifika Jumapili, kaka yake marehemu mama, mtu mzima, fimbo mkononi na simu mbili mfukoni. Nikaichukua simu yake kwa heshima zote, nikamwunganisha, nikamrudishia. Akaitazama. Akavua miwani, akaifuta, akaitazama tena.

"Hapa pameandikwa Wageni."

"Ndiyo mjomba, huo ndio mtandao wa..."

"Mimi ni mgeni hapa?"

"Hapana mjomba, ni mambo ya usalama tu."

"Usalama. Msingi wa nyumba hii ulipochimbwa, nani alikaa hapa na mafundi wiki mbili, wewe uko kazini? Saruji ilipoibwa nani aliirudisha? Leo naambiwa Wageni. Kwa maandishi."

Mke wangu alinitazama kutoka mlango wa jikoni kwa macho ambayo hayahitaji tafsiri. Jioni ile ile nikaubadilisha jina mtandao, ukaitwa Ukoo. Mjomba akatulia, akala, akaangalia video za kilimo cha parachichi mpaka saa sita. Lakini jina hilo nalo likaleta kesi mpya, kwa sababu linaonekana mpaka nyumba ya tatu. Jirani wa nyuma, ambaye hana udugu nasi wa damu wala wa ndoa, alisimama kwenye uzio akaniuliza kwa upole kama baada ya kuzikana miaka yote hii yeye bado si ukoo. Nikampa. Watoto wake wakaunganishwa. Mtoto wa mjumbe, mwenye helmeti nyekundu, akanikumbusha kwamba mama yake na mama mkwe wangu ni watu wa mlima mmoja. Nikampa. Sasa wanangu wanadai mtandao wa Ukoo una kasi kuliko wa familia, wamehamia wote huko, na mtandao wa familia umebaki na printa.

Nilidhani hapo nimefika mwisho, mpaka juzi usiku mke wangu aliponiletea chai bila kuombwa. Nikajua kuna jambo. Mdogo wake anaoa. Kikao cha kwanza cha kamati ni Jumamosi, hapa kwetu, watu kama thelathini, na mambo yote siku hizi yanakwenda kwa simu: bajeti inatumwa kwenye kundi la WhatsApp, ukumbi unaangaliwa kwa video, ahadi zinaandikwa hapo hapo. Mtandao wa Ukoo kwa ujazo ulionao hautaweza, kwa hiyo ameamua wajumbe wa kamati wawekwe kwenye ule wa familia, ambao hauna mtu.

"Waskani tu kwa mwanao," nikasema haraka.

"Wengine simu zao za zamani, haziskani. Andika paswedi kwenye karatasi ile kubwa ya manila, bandika ukutani juu ya runinga kila mtu aione."

"Mama watoto, kiusalama paswedi haibandikwi ukutani."

"Baba, hao ni wakwe na ndugu, si wezi. Na uandike kwa herufi kubwa, maana mwenyekiti haoni mbali." Akafikiri kidogo. "Au basi, usijisumbue. Mpe tu katibu, atawasomea kwa sauti."